Jino linauma baada ya kutibiwa mzizi: je, matibabu yameshindikana?

Umetibiwa mzizi wa jino, ganzi imeisha, na jino limeanza kuuma tena. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudi kuomba jino ling'olewe. Mara nyingi jino hilo lingepona. Kabla hujaamua, fahamu maumivu hayo yanatoka wapi.

Kwa nini linauma?

Ndani ya jino kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kinachoshuka hadi kwenye ncha ya mzizi kupitia mifereji myembamba. Kiini kikiharibika, daktari hukiondoa, hukwangua mifereji kwa visindano vyenye makali kama tupa, huiosha kwa dawa ya kuua bakteria, kisha huiziba.

Wakati wa kukwangua, chembe za uchafu zinaweza kusukumwa nje ya ncha ya mzizi. Mwili hupambana nazo, na sehemu hiyo huvimba kidogo na kuuma, hasa unapotafuna.

Je, kifaa kinaleta tofauti?

Ndiyo, kwa kiasi. Visindano vya mkono vinaposuguliwa kwenda juu na chini husukuma uchafu mwingi zaidi. Visindano vya mashine, vilivyotengenezwa kwa nikeli na titani, hupinda kufuata mfereji na vinapozunguka huupandisha uchafu juu. Tafiti nyingi zimeona kwamba waliotibiwa kwa mashine huumia kidogo zaidi siku za mwanzo.

Hata hivyo, tofauti hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Kama kliniki iliyo karibu nawe inatumia visindano vya mkono, usiache kutibiwa kwa sababu hiyo. Umakini wa daktari katika kupima urefu wa mfereji na kuuosha mara kwa mara una uzito mkubwa. Pia, jino lililokuwa likiuma sana kabla ya matibabu huelekea kuuma zaidi baadaye.

Ufanye nini?

- Tarajia maumivu zaidi siku 1 hadi 2 za kwanza, kisha yapungue ndani ya wiki moja.
- Tumia parasetamoli au ibuprofeni kama ulivyoelekezwa. Ukiwa mjamzito, au una vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo, usitumie ibuprofeni bila kumuuliza daktari.
- Usinunue antibiotiki kwa ajili ya maumivu pekee. Hazitayatuliza.
- Tafunia upande mwingine.
- Jino likigusana kabla ya mengine unapofunga mdomo, rudi kwa daktari. Huenda kijazo kimezidi kimo, na kukipunguza ni kazi ya dakika chache.

Nenda hospitali mara moja ukiona uvimbe unaosambaa usoni au shingoni, homa, au ukishindwa kumeza, kupumua vizuri au kufungua mdomo.