Bilioni 20 na Shabiki Asiye na Kadi

Shabiki wa Simba aliyeko Tunduma hana hisa, hana kadi, na huenda hata tawi hajawahi kulikanyaga. Ana jezi aliyoinunua kwa machinga na sauti anayoipoteza kila Simba inapocheza. Lakini mwaka 2016, tajiri Mohammed Dewji, yaani Mo, aliposema yuko tayari kuweka shilingi bilioni 20 ili apate asilimia 51 ya klabu, kitu chenye thamani kuliko vyote kilichokuwa mezani kilikuwa huyo mtu wa Tunduma.

Maana tuulizane, Simba ilikuwa na nini cha kuuza? Jengo la Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ardhi Bunju. Uwanja wa taifa wa Mkapa, wenye viti 60,000, ni mali ya serikali. Wachezaji wanakuja na kuondoka. Kinachobaki ni jina, rangi nyekundu na nyeupe, na mamilioni ya watu ambao Simba ikifungwa hawali chakula cha usiku. Tajiri yeyote mwenye akili anajua kwamba watu wa aina hiyo hawanunuliki dukani. Wamelelewa na baba na babu zao tangu klabu ilipoanzishwa mwaka 1936, ikapita kwenye jina la Sunderland, hadi ikawa Simba mwaka 1971.

Na mimi, kama wenzangu wengi, nilitaka dili lile lipite hata jana yake. Aliyekuwa shabiki wa Simba miaka ile ataelewa. Tulibeba ubingwa wa 2011/12 na kuwafunga watani wetu Yanga tano bila, tukatamba mjini wiki nzima, halafu tukakaa msimu baada ya msimu tukiwaangalia wengine wakinyanyua kombe. Mishahara ilitegemea huruma ya wafanyabiashara wapenzi wa klabu, na usajili ulitegemea nani kaamka vizuri. Katika hali hiyo mtu akija na bilioni 20, humuulizi mzani kauokota wapi. Wazee wachache waliuliza. Tuliwaona wachawi wa maendeleo.

Ombi la kwanza, kama nilivyosema, lilikuwa asilimia 51. Baadaye serikali ikaingilia na kuweka mpaka: wanachama wabaki na 51, mwekezaji asizidi 49. Bilioni 20 hazikubadilika, kilichopungua ni fungu. Mkutano wa wanachama wa Desemba 2017 ukampitisha Mo kwa shangwe.

Sasa tuchukue kalamu. Bilioni 20 kwa asilimia 49 maana yake klabu nzima ilithaminiwa kama bilioni 41 hivi. Mwaka 2017 huohuo, nafasi ya mbele ya jezi ilikwenda kwa kampuni ya kubashiri kwa takriban bilioni 5 kwa miaka mitano, kwa hiyo bilioni 41 zilionekana mlima. Mwaka 2022 nafasi hiyohiyo, kifua kilekile, ilikwenda kwa bilioni 26 kwa miaka mitano. Mwaka 2025 haki ya kutengeneza na kuuza jezi ikatangazwa kwa bilioni 38, miaka mitano pia. Yaani mkataba wa kutengeneza jezi peke yake umeikaribia bei tuliyoipangia klabu nzima, na jengo lake, na jina lake, na mtu wa Tunduma.

Najua jibu la watu wa Mo, na ni jibu zito. Jezi ilipanda bei kwa sababu timu ilipanda, na timu ilipanda kwa sababu kuna mtu alitoa hela. Ni kweli. Ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18. Februari 2019 Al Ahly akafa kwa Mkapa kwa bao la Meddie Kagere. Mwezi uliofuata Clatous Chama akawamaliza AS Vita dakika za mwisho, tukaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mimi nikaamka asubuhi sina sauti ya kumsalimia bosi. Hakuna shabiki anayezikumbuka siku hizo kwa kinyongo. (Yanga nao wakapata tajiri wao, wakabeba ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2021/22, ila hayo tuyapitie haraka.)

Lakini kilichoipandisha jezi bei si hela peke yake. Kampuni inayolipa mabilioni kuandika jina kifuani inalipia macho ya watu. Macho hayo ni yetu, na hayakuwamo kwenye hesabu ya 2017. Hapo ndipo ninapoachana na wenzangu wa kijiweni wanaodhani mjadala ni kumpenda Mo au kumchukia. Mfanyabiashara anayenunua kwa bei nafuu hana kosa. Mwenye kosa ni muuzaji asiyejua thamani ya alichokishika.

Na muuzaji alikuwa nani? Wanachama wenye kadi, wale wanaoweza kuenea ukumbini. Mapenzi ni ya mamilioni, kura ni ya wachache. Wachache hao wakichoka, au wakibembelezwa, basi kitu cha wote kinaamuliwa kabla ya chakula cha mchana. Tena asilimia 51 ni tamu kuitamka, lakini klabuni anayelipa mshahara wa kocha ndiye anayesikilizwa, hata awe na asilimia 10.

Wengine yamewakuta: mashabiki wa Cardiff City, kule Wales, waliitwa ndege wa bluu kwa vizazi. Mwaka 2012 mmiliki wao, Vincent Tan wa Malaysia, akawavisha jezi nyekundu. Wakalia, wakaandamana, wakasubiri hadi Januari 2015 ndipo bluu ikarudi. Hebu mwana Msimbazi afumbe macho aione Simba inaingia uwanjani na jezi ya kijani kwa sababu tajiri kaota. Wajerumani walilijua hilo mapema, wakaweka kanuni kwamba kura nyingi zibaki kwa wanachama. Lakini kwao kuwa mwanachama wa klabu kubwa ni jambo la kawaida kwa shabiki, si heshima ya wachache.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, mwekezaji namtaka. Sitaki kurudi kwenye bakuli la michango. Ninachotaka ni jina, rangi na jengo la Msimbazi viandikwe kwenye katiba kuwa haviguswi bila kura ya wanachama. Thamani ya klabu ipigwe na mkaguzi asiyelipwa na mnunuzi, kisha irudiwe kila baada ya miaka michache, kwa sababu kitu kinachokua hakiuzwi kwa bei ya utotoni. Kadi ipatikane kwa simu na kura ipigwe kwa simu, kwa sababu Tunduma hadi Kariakoo ni mbali kwa nauli ya mtu wa kawaida. Na hesabu za mapato na matumizi zitolewe hadharani kila mwaka kwa tarehe inayojulikana, hata kama wiki hiyo tumefungwa na Yanga.