144,000: Je, Nafasi za Mbinguni Zimejaa?



Katika jumuiya ndogondogo hapa Simbo tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja: "Kama watakaookoka ni 144,000 tu, sisi tunasali kwa ajili ya nini?" Anayeuliza hatanii. Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967. Hata nafasi hizo zote zingekuwa zetu peke yetu, wasingefika watu 6 katika kila 100.

Tuichambue kwanza namba yenyewe. Gawanya 144,000 kwa 12, unapata 12,000. Gawanya tena kwa 12, unapata 1,000, na 1,000 ni 10 × 10 × 10. Hakuna kinachobaki. Sasa chukua idadi ya watu wa Kigoma uigawanye kwa 12: wanabaki watu 11. Ndivyo zilivyo kwa kawaida namba za kuhesabu vichwa, maana watu huzaliwa na kufa bila kufuata mpango wa hesabu. Namba ya Yohane inaonekana kujengwa, kama ukuta wa matofali yaliyochaguliwa.

Hesabu peke yake haithibitishi jambo hilo, lakini Maandiko yanatuonyesha matofali yenyewe. Mji mtakatifu una milango 12 yenye majina ya makabila ya Israeli, na misingi 12 yenye majina ya Mitume (Ufu 21:12-14). Zidisha 12 kwa 12, unapata watu wa Mungu wa Agano la Kale na la Agano Jipya pamoja. Elfu huonyesha wingi. Na kila kabila lina 12,000, hakuna lililopunjwa (Ufu 7:5-8).

Anayeishika namba hii kama hesabu ya vichwa ana mzigo mzito. Itambidi akubali kwamba wote ni wa makabila ya Israeli, tena ni bikira (Ufu 14:4). Hapo hata Mtume Petro, aliyekuwa na mama mkwe (Mk 1:30), angeachwa nje.

Tuangalie pia mpangilio wa sura ya 7. Yohane *alisikia* namba (7:4), kisha *akaona* umati usiohesabika wa kila taifa na lugha (7:9). Katika sura ya 5 pia alisikia habari za Simba, akamwona Mwanakondoo. Kama Simba na Mwanakondoo ni Kristo yule yule, basi wafafanuzi wengi huona kwamba wale 144,000 na umati ule ni watu wale wale.

Sisi wa Ziwa Tanganyika hatupati shida kuelewa umati huo. Nani amewahi kuhesabu dagaa walioanikwa, mmoja mmoja?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1037, inafundisha kwamba Mungu hampangii mtu yeyote tangu awali aende motoni. Anayepotea hujitenga naye mwenyewe kwa dhambi ya mauti, akidumu humo hadi mwisho. Basi ndugu akikuuliza kama nafasi zimejaa, mwambie bado zipo, kisha mwende pamoja kwenye kitubio.