Mahali pa Kukatia Hadithi

Aghalabu mtu aliyeitazama riwaya mashuhuri ikichezwa katika televisheni, kisha akaitazama tena katika tamthilia nyingine iliyotengenezwa miaka mingi baadaye, hukumu yake huwa ni hesabu ya vilivyoachwa: mhusika fulani hakuonekana, mazungumzo fulani yamefupishwa, kifo kilichokuwa katikati ya kitabu kimesogezwa mwisho. Hesabu hiyo si batili, lakini haitoshi, maana hapana tamthilia isiyoacha mengi, na aliyeacha machache si lazima awe ndiye aliyeifahamu riwaya zaidi. Iko mizani nyingine iliyo karibu zaidi na haki, nayo ni kuuliza saa zilizopatikana ziligawanywaje, na kila kipande kilikatiwa wapi. Kwa kuipima mizani hii sijui mfano ulio bora kuliko Bleak House, riwaya ya Charles Dickens, ambayo shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, limeigeuza kuwa tamthilia ya televisheni mwaka 1959, mwaka 1985 na mwaka 2005.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba riwaya yenyewe haikuzaliwa kitabu kizima. Dickens aliitoa katika vijitabu vya kila mwezi, tangu Machi 1852 hata Septemba 1853, kila kimoja kwa shilingi moja, isipokuwa kile cha mwisho kilichokusanya sehemu mbili pamoja. Na msomaji aliyemaliza kijitabu cha mwezi huu hakuwa na hila ila kukingojea cha mwezi ujao. Mwandishi ajuaye kwamba hadhira yake itakaa mwezi mzima bila ya neno lake hawezi kukata popote tu. Kijitabu cha Novemba 1852 alikikatia pale Lady Dedlock, mke wa bwana mkubwa, anapotambua kuwa mtoto wake wa siri, ambaye yeye aliambiwa kwamba alikufa saa ile ile alipozaliwa, yu hai. Na cha Disemba akakikatia juu ya kifo cha mzee Krook, mnunuzi wa matambara na chupa tupu, ambaye mwili wake ulijiwakia wenyewe ukateketea, jambo lililomtia Dickens katika mabishano na mwandishi G. H. Lewes, aliyekataa katakata kuwa mwili wa binadamu waweza kujiwasha moto.

Tamthilia ya mwaka 1959, iliyoandikwa na Constance Cox, ilikuwa na sehemu 11 za nusu saa kila moja, kwa picha nyeusi na nyeupe. Siku zile tamthilia za namna hii zilichezwa studioni, mbele ya kamera kadhaa zilizotazama onyesho moja kwa pamoja, na kwa kuwa kukata na kuunganisha picha baada ya kucheza kulikuwa na taabu na gharama, waigizaji walicheza maonyesho marefu mfululizo kama walio jukwaani, na mzigo wa hadithi ukabebwa na maneno yao. Chombo kama hicho huifaa riwaya ya sebuleni, ambamo watu hukaa wakasemezana; lakini London ya Dickens, pamoja na tope lake, moshi wake na umati wake, haienei baina ya kuta za mbao zilizopakwa rangi.

Ilipofika mwaka 1985, mwandishi Arthur Hopcraft na mwongozaji Ross Devenish walipewa sehemu 8 za kiasi cha dakika 50, na badala ya kamera za studio walipewa filamu, ambayo huruhusu kutoka nje na kukitunga kila kipande cha picha peke yake, kwa mwanga wake. Wakaitumia fursa hiyo kwa saburi kubwa. Ukungu ambao Dickens aliifungulia riwaya yake, akauweka uzito wake juu ya Chancery, mahakama inayosikiliza kesi ya mirathi ya Jarndyce na Jarndyce, wao waliutandaza juu ya jiji zima. Wahusika hupita katika vyumba vyenye giza, wakisema kwa sauti ndogo, na Diana Rigg, aliyekuwa Lady Dedlock, hukaa kimya kwa muda ambao watengenezaji wa leo wasingeuvumilia. Sehemu moja ilionyeshwa kwa juma, na haikuwa na haja ya kumwacha mtazamaji akitweta, maana aliyeketi kuitazama alikuwa tayari kuisoma picha kama anavyosoma ukurasa.

Tamthilia ya mwaka 2005 ilizaliwa katika mazingira mengine kabisa. Andrew Davies, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa kuigeuza Pride and Prejudice mwaka 1995, aliigawanya hadithi katika sehemu 15, ya kwanza ya saa moja na zilizobaki za nusu saa, zikionyeshwa mara mbili kwa juma mara baada ya EastEnders, tamthilia ya maisha ya mtaani ipendwayo na Waingereza wengi. Madhumuni yalikuwa dhahiri: kumshika mtazamaji wa tamthilia ile asinyanyuke kitini. Basi kamera zikashikwa mikononi, picha zikavutwa ghafula kwa mshindo wa sauti, na katika kila nusu saa siri moja ikafichuka na nyingine ikazaliwa.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo anayehesabu vilivyoachwa halioni. Tamthilia ya 1985 ilichukua karibu saa 7; ya 2005 ilichukua karibu saa 8. Ni kama washoni wawili waliopewa kitambaa cha urefu unaokaribiana, mmoja akashona kanzu na mwingine akashona koti. Tamthilia yenye miisho 8 huweza kutulia juu ya hali ya nchi na taksiri za sheria zake; yenye miisho 15 hulazimika kutafuta matukio 15 yatakayomfanya mtu arejee, na matukio ya namna hiyo katika Bleak House yamejaa upande wa Lady Dedlock na wakili Tulkinghorn anayeiwinda siri yake, ilhali upande wa kesi ya Jarndyce na Jarndyce yako machache. Si ajabu basi kwamba Gillian Anderson na Charles Dance, waliowacheza wawili hao, ndio wanaokumbukwa na wengi walioitazama tamthilia ile.

Wala mkato huo haugusi miisho peke yake, bali huingia hata katika idadi ya wahusika. Katika riwaya, Tulkinghorn ni mtu asiyemwambia mtu neno, na tunayoyajua juu ya nia yake tunayapata kwa msimulizi. Televisheni haina msimulizi huyo, na nusu saa haina nafasi ya kumtazama mtu akifikiri. Kwa hiyo Davies alimbuni karani aitwaye Clamb, ambaye hayumo kitabuni, ili wakili apate sikio la kuagizia mambo yake. Mwenye kupima kwa uaminifu wa herufi ataliita jambo hili hiana. Mimi naliona ni deni lililolipwa kwa sarafu nyingine.

Lakini wepesi nao una hasara yake. Kesi ya Jarndyce ni kesi ya mirathi iliyokokotwa kizazi baada ya kizazi, hata ikafa yenyewe pale gharama za mahakama zilipoumaliza urithi wote, na Dickens alitaka tuuhisi uchovu wa wanaongojea hukumu isiyokuja. Huwezi kumfahamisha mtu ucheleweshaji kwa mwendo wa mbio. Katika hili tamthilia ya 1985 inaishinda ya 2005 bila ya shaka. Nayo ya 2005, kwa kuirudisha hadithi katika vipande vifupi vyenye ncha kali, inamkaribia zaidi yule Dickens wa vijitabu vya shilingi moja, na kwa nusu saa zake inashabihiana na ile ya 1959 kuliko ile iliyo baina yao. Upya na ukale, kwa hivyo, haufuati tarehe.

Nayasema haya kwa kuwa naamini ipo siku mtu atazileta riwaya zetu za kale katika televisheni, na huenda akaanza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Mtengenezaji huyo atakuta kwamba shida ya Clamb hana, maana mpelelezi wa riwaya hiyo, Bwana Msa, anaye rafiki yake Najum wa kumsemeza. Litakalombakia ni kuamua, kabla hata ya kuchagua waigizaji, kila jioni amwache mtazamaji wake katika swali gani; na jibu atakalolitoa ndilo litakalotujulisha ni Bwana Msa yupi ametuletea, yule wa kufukuzia mwuaji au yule wa kufikiri.