Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Kununua Kompyuta Kipande kwa Kipande

Ninyi wa Kilimatinde mlioketi darasani jioni hii, na ninyi wa madarasa mengine mnaotusikiliza, mwenye kalamu na aishike sasa hivi, maana leo tutasoma herufi na namba zenye fedha ndani yake.

Tuseme kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimekusanya shilingi 1,500,000 tangu mavuno ya alizeti. Mmekubaliana kununua kompyuta ya mezani, ili mwandike barua, mtunze hesabu za kikundi, na kuwapigia chapa walimu mitihani yao. Fedha hizo ni jasho la watu wengi. Tena Kilimatinde iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na mtu akitaka vipande vya kompyuta sharti aende mpaka Manyoni, apande basi au treni ya Dodoma, na mara nyingi aendelee hata Kariakoo, Dar es Salaam. Akikosea kununua, atalipa nauli mara ya pili, na wanachama watamngojea kituoni na maswali.

Kukosea ununuzi wa kompyuta si jambo geni nchini kwetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi yake ikaleta hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha zamani. Siku hizi kinachomzuia mtu ni mfuko wake.

Basi kompyuta ni nini? Ni boksi lenye vipande vichache vinavyoshikamana. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu. Bodi kuu, ambayo mafundi huiita mazabodi, ndiyo inayounganisha kila kitu. RAM ni kama meza ya kazi: hushika kile unachokifanya sasa, na umeme ukizimika, meza hufutwa. Diski ni kabati, huhifadhi kazi hata usiku. Pawasaplai huupokea umeme wa ukutani na kuugawa. Boksi lenyewe lisiwatie wasiwasi. Lolote linalotoshea bodi yenu, linalofunga vizuri na kupitisha hewa litafaa.

Sasa andikeni daftarini: i3-12100. Hilo ni jina la prosesa moja ya Intel. Baada ya kistari kuna tarakimu tano. Tarakimu mbili za kwanza, 12, ni kizazi chake. Andikeni tena: i5-8500. Hapa tarakimu ni nne, kwa hiyo ya kwanza peke yake, 8, ndiyo kizazi. Na hii, i7-4770? Ni kizazi cha nne. Muuzaji atawaambia kwamba i7 ni kubwa kuliko i3, na watu wengi hununua kwa neno hilo. Lakini i7 ya kizazi cha nne ni mzee, na i3 ya kizazi cha 12 ni kijana anayemshinda mzee huyo kwa kazi za ofisi huku akila umeme kidogo.

Kizazi kina jambo jingine. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache sana, haikubali rasmi prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi za ng'ambo zinaondoa mashine zao za zamani, na mashine hizo huishia sokoni kwetu kwa bei ya kuvutia. Si kwamba hazifanyi kazi. Ukiweka Linux, ambayo ni bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu, mashine ya kizazi cha nne au cha sita itawatumikia. Ila mjue mnachokinunua kabla ya kulipa.

Tunafika kwenye herufi ya mwisho, na hapa naomba utulivu darasani. i3-12100 na i3-12100F ni prosesa mbili tofauti. Ile yenye F haina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini. Itahitaji kadi ya picha, kipande kingine cha kununuliwa. Kwa AMD mambo yamegeuka: Ryzen 5 5600G inatoa picha, lakini Ryzen 5 5600, isiyo na G, haitoi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua yenye F kwa sababu ilikuwa rahisi kidogo. Nikaunganisha kila kitu, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Siku mbili nzima nikailaumu waya. Herufi moja ilinila kuliko nilichookoa, na muuzaji hakuwa na kosa, maana iliandikwa wazi kwenye paketi.

Ukishachagua prosesa, bodi kuu haichaguliwi tena kwa kupenda. Kila prosesa ina tundu lake, yaani soketi. i3-12100 hukaa katika soketi LGA1700. Ryzen 5 5600G hukaa katika AM4. Haziingiliani. Mtego mbaya zaidi ni wa i5-7500 na i5-8500: zote huitwa LGA1151, zinaingia tundu moja, lakini bodi ya moja haiwashi nyingine. Alkadhalika RAM. Kuna DDR4 na DDR5, na pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo ukilazimisha utavunja. Bodi za i3-12100 ziko za DDR4 na ziko za DDR5. Someni maandishi ya bodi yenyewe. Mjue pia ya kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinawapa kipaumbele wenye mitambo mikubwa ya akili mnemba. GB 8 zinawatosha kuanza. Hakikisheni bodi ina nafasi ya pili, mtaongeza baadaye.

Diski iwe SSD. GB 256 ni nyingi kwa barua na hesabu. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka huifanya hata prosesa nzuri ionekane mvivu.

Haya, hesabu. Bei hubadilika, kwa hiyo namba hizi ni za kujifunzia tu. Za dukani mtaziuliza kwa simu kabla ya safari. Katika 1,500,000 toeni kwanza 200,000 za UPS na 100,000 za nauli na dharura. Imebaki 1,200,000. Prosesa 300,000, bodi kuu 230,000, RAM 150,000, SSD 120,000, pawasaplai na boksi 200,000, skrini iliyotumika pamoja na kibodi na mausi 200,000. Jumlisheni. Mwenye kupata 1,200,000 amepatia.

Kwa nini UPS itangulie? Kwa sababu umeme ukikatika au ukirudi kwa kishindo, wa kwanza kuumia ni pawasaplai, nayo huweza kufa na wenzake. UPS ya VA 650 si ya wati 650. Wati zake ni pungufu. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya picha inatosha kuwapa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Msiunganishe printa ya leza kwenye betri ya UPS, itaizidi nguvu. Na pawasaplai msiinunue kwa namba iliyobandikwa peke yake. Ipimeni kwa mkono: iliyoandikwa wati 500 na nyepesi kama kopo tupu, irudisheni mezani kwake.

Kuhusu bili: kompyuta na skrini vikila wati 100 kwa saa 5 kila siku, kwa siku 30 ni uniti 15. Mhazini aiandike hiyo.

Labda mwenzetu mmoja anauliza, je, si afadhali kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, nzima nzima? Swali zuri. Mara nyingi huwa rahisi kuliko vipande vipya, na yenye i5-8500 ni mnunuo wa heshima. Ubaya wake ni kwamba nyingi zina pawasaplai na bodi za umbo lao wenyewe. Kikifa kimoja, cha kawaida cha dukani hakiingii. Ya vipande, fundi yeyote wa Dodoma ataibadilisha. Kama fedha zenu zingekuwa 600,000, ningewaambia nunueni iliyotumika bila kusita. Kwa 1,500,000 naona ya vipande. Wengine watabishana nami, na darasa linaruhusiwa.

Mkifika dukani, dai risiti ya EFD yenye jina la kila kipande, na ombeni iwashwe mbele yenu. Ulizeni kama feni ya prosesa imo katika paketi, maana nyingine huuzwa bila feni.

Mkiunganisha wenyewe nyumbani, kumbukeni ukavu wa kiangazi chetu. Usiku wa Julai ukivua sweta husikia cheche. Cheche hiyo yaweza kuua RAM. Gusa kwanza chuma kisicho na rangi cha boksi, kisha shika kipande kwenye kingo zake. Vumbi nalo lifutwe kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Kufunika kwa kanga ni vema ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka mtaichemsha.

Kazi ya darasa kabla ya kipindi kijacho: andikeni kizazi cha i5-6500, i3-10100 na i5-13400F, na mseme ipi haitatoa picha bila kadi. Kisha jadilini nani katika kikundi atashika ufunguo wa chumba cha kompyuta.

Kwaherini.