Kilo Zinazorudi Baada ya Sindano

Aliyepungua kwa semaglutidi, sindano inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, kisha akaiacha na kunenepa tena, huishia kuitwa mlafi. Anaonewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu walioitumia kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa asilimia 17.3 ya uzito wao. Mwaka mmoja baada ya kuiacha, theluthi mbili ya kilichopungua ilikuwa imerudi, na presha iliyokuwa imeshuka ilipanda nayo. Wote hao hawawezi kuwa walegevu wa nia kwa mpigo. Dawa hii huiga homoni ambayo utumbo huitoa tukila, ikauarifu ubongo kwamba tumeshiba. Wiki chache baada ya sindano ya mwisho huwa imekwisha mwilini, na njaa hurudi. Tena hurudi kwa nguvu, maana mwili uliopungua hujihesabu kuwa umo katika ukame: leptini, homoni inayotangaza kwamba akiba ya mafuta ipo, hushuka; grelini, ya njaa, hupanda; hata nishati inayotumika mtu akiwa amelala hupungua.

Wapo watakaouliza dawa ina faida gani basi, kama kilo zinarudi. Mbona vidonge vya presha havihukumiwi hivyo? Mgonjwa akiviacha presha hupanda, na hakuna anayesema havikufanya kazi. Unene uliokithiri nao ni maradhi ya kudumu, na kuutibu kwa miezi michache ni kutibu nusu. Wanaosema mazoezi yangetosha wana sehemu ya ukweli: nchini Denmark, waliochanganya liraglutidi, dawa ya jamii hiyohiyo, na mazoezi ya kusimamiwa walirudisha uzito kidogo kuliko waliotegemea dawa tupu, baada ya matibabu kusimamishwa. Mazoezi, basi, huenda pamoja na dawa. Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Anayejilipia mwenyewe huacha siku pesa inapokatika, bila mpango wowote, na hapo ndipo hasara ilipo. Kwa hiyo muulize daktari kabla ya sindano ya kwanza: nitaitumia kwa muda gani, nitaimudu, na nikiiacha nani atanipima presha na sukari? Mwenye kisukari asiiache kabisa kabla ya kuzungumza naye.