Fahamu: Kodi ya vitu vinavyopakuliwa mtandaoni

Ni kodi gani hii?
Ni kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT unayoiona kwenye risiti ya dukani, ikitozwa kwa filamu, muziki au programu unayoilipia na kuipakua. Kiwango cha kawaida Kenya ni asilimia 16, Tanzania Bara 18.

Nani anailipa?
Mnunuzi. Muuzaji huikusanya tu na kuiwasilisha serikalini, na ugumu unaanzia hapo, kwani muuzaji mara nyingi hana ofisi Nairobi wala Dar es Salaam. Bidhaa ya kontena hutozwa VAT bandarini kabla haijatoka. Faili la wimbo halipiti forodhani. Ndiyo maana sheria sasa zinazitaka kampuni za kigeni zijisajili kwa mamlaka ya mapato, KRA nchini Kenya au TRA nchini Tanzania.

Isichanganywe na kodi ya huduma za kidijitali
Hiyo hulenga mapato ya kampuni. Kenya ilianza na asilimia 1.5 mwaka 2021, ikaibadilisha mwishoni mwa 2024. Tanzania ilianza na asilimia 2 mwaka 2022.

Ubishi uko wapi?
Wanaoiunga mkono VAT hii wanasema muuzaji wa ndani anayetoza VAT hawezi kushindana na wa nje asiyeitoza. Ni hoja ngumu kuipinga. Wapinzani nao wanamtazama mnunuzi: bei inapanda, na bando analotumia kupakua tayari limekatwa VAT na ushuru wa bidhaa.