JE, WAJUA? Tandala ni mzito kuliko bodaboda

Tandala dume anaweza kufikia kilo 250. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya uzito wa bodaboda ya kawaida. Barabara ya Tabora kwenda Mpanda inakatiza misitu ya miombo wanamoishi wanyama hawa.

• Pikipiki haina boneti wala mkanda. Mkigongana na tandala, kifua cha anayeendesha ndicho kinachompokea mnyama.

• Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, chombo hula mita 22 kila sekunde.

• Usiku, macho ya mnyama humeta kwenye taa. Akivuka mmoja, mara nyingi mwingine yu nyuma yake.

• Ukikata usukani ghafla kumkwepa mnyama, gari refu hupinduka kwa urahisi. Funga breki, baki kwenye njia yako.